Msitu Aliouingia Kaka

Kaka yangu hakuweza kutaja namba kwa sauti ya kawaida. Nilipokuwa nafanya utafiti wa shahada ya uzamili katika msitu wa kijiji chetu, upande wa Mufindi, kazi yake ilikuwa kuzungusha utepe kwenye shina la mti, usawa wa kifua, halafu kunitajia kipenyo. Basi yeye alitangaza. Alivuta pumzi kama kiongozi wa kwaya anayetaka kuanzisha wimbo, akaachia namba iliyovuka korongo na kurudi. Kina mama waliokuwa wanaokota kuni ng'ambo walimjibu kwa vicheko.

"Huo umenona!" walipiga kelele. "Tupe mwingine!"

Siku ya kwanza aliniuliza, "Mti nao unapimwa kifua, kama mtu anayekwenda jeshini?"

"Ndiyo utaratibu, kaka. Dunia nzima wanapima hapo."

"Na ambao haufiki kifuani?"

"Huo tunauita maotea. Tunauhesabu tu, hatuupimi."

"Basi mimi ni maotea," alisema, maana alikuwa mfupi kweli. Mimi mdogo wake nilikuwa nimempita kimo tangu sekondari.

Yeye ndiye aliyenilea. Mama alitutoka nikiwa naanza shule, na baba hakukaa muda mrefu baada ya hapo. Kaka akaacha masomo akaenda kupasua mbao kwenye mashamba ya paina, na mimi nikabaki mikononi mwake. Kusuka hakujua. Alijaribu mara moja, akanifunga vifundo ambavyo jirani yetu alivifungua kwa mafuta ya kula huku akicheka mpaka machozi, na tangu siku hiyo akawa ananipeleka kwa kinyozi pamoja na yeye mwenyewe, tunanyolewa kiti kimoja, wembe mmoja. Shuleni ulipoitwa mkutano wa wazazi alikuja amevaa koti la marehemu baba, mikono imemzidi, na mwalimu wa zamu alimwelekeza akapange mstari na wanafunzi.

Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kusomea ikolojia ya misitu, na baadaye nikatakiwa kuchagua mahali pa utafiti, sikuhangaika kufikiri. Nilikwenda nyumbani.

Msitu wetu ulikuwa kama kiraka cha nguo ya zamani kilichobaki kwenye nguo mpya. Pande zote kuna paina na milingoti, imepandwa kwa mistari, inasubiri kukatwa mbao. Katikati, kwenye miteremko ambayo hakuna aliyeweza kulima, kulibaki na miti ya asili: mikusu na misaula juu kwenye migongo ya vilima, mivengi chini kwenye maji. Kijiji kiliutunza chenyewe kupitia kamati ya maliasili, na kaka alikuwa mjumbe. Mimi nilitaka kujua jambo moja. Miti mikubwa ikizeeka na kuanguka, je, watoto wake wapo? Watatosha kushika nafasi? Tulipima maeneo madogo madogo, tukayaita ploti, na kila mti mkubwa ndani ya ploti kaka aliugongelea kibati chenye namba. Ploti nyingi zilikuwa ng'ambo, mteremko wa mbali, kwa sababu huko ndiko miti ilikosongamana zaidi.

Mke wake, wifi yangu, aliiona kazi yetu kama mchezo wa watu walioshiba.

"Wifi, usomi gani huu wa kuhesabu miti ya Mungu?" aliniuliza kila asubuhi tukiondoka. Lakini chakula alitufungia, wali kwenye hotipoti, kwa sababu yeye alitoka Ubaruku, kwenye mpunga, na kwake mtu aliyekula ugali tu alikuwa bado hajala.

Wazazi wake walishuka Usangu na ng'ombe kutoka Usukumani kabla yeye hajazaliwa, wakakaa, wakaanza kulima mpunga. Kaka alimwona huko mwaka aliokwenda kutafuta kibarua cha kubeba magunia mashineni wakati wa mavuno. Alipopanda naye huku juu, bibi harusi alikuja na gunia la mchele na mablanketi, akasema, "Kumbe watu wenu wanaishi ndani ya friji." Baridi hakuizoea kamwe. Mwezi wa sita na wa saba alipika amejifunika kitenge juu ya kitenge, mtoto mgongoni, na aliapa kwamba akifa azikwe Ubaruku kwenye udongo wenye joto. Kaka alimwambia, "Ukifa wewe mimi nitakuwa nimeshatangulia zamani, kwa hiyo hilo waambie wanao." Tulicheka sote. Walikuwa na binti aliyekuwa ameanza shule, na mdogo wake ambaye alikuwa bado anatambaa.

Nilipomaliza awamu ya kwanza ya kupima nilihamia Mbeya kwa muda. Nilipanga chumba Uyole, karibu na soko, kwa sababu nilipata nafasi huko ya kukaushia sampuli za udongo na kuotesha mbegu nilizookota msituni. Nilitakiwa kurudi kijijini mvua zikianza.

Kaka alinipigia Jumapili akitoka kanisani. Mazungumzo yetu ya mwisho hayakuwa na uzito wowote, na nimejaribu sana kuyatafutia uzito. Aliniambia suti yake ya harusi imembana.

"Inabana wapi?"

"Inabana kila mahali penye kifungo. Na mimi nimeshasema nitaivaa siku yako ya joho. Nimemwambia wifi yako apunguze wali."

"Amekubali?"

"Amenipunguzia nyama." Halafu akasema huko nyumbani upepo ni mkali, majani yamekauka kweli kweli, kamati imekubaliana kufyeka njia za kuzuia moto wiki hiyo. Akasema miche yangu ya Uyole nisiisahau kuimwagilia. Akakata.

Siku chache baadaye, asubuhi, nikiwa napima udongo, alinipigia mchungaji wetu. Mchungaji hakuwahi kunipigia simu hata mara moja.

"Mwanangu, njoo nyumbani. Kaka yako hajisikii vizuri."

"Anaumwa nini, baba mchungaji?"

"Wewe njoo tu. Panda gari, njoo."

Kwetu huku kila mtu anajua maana ya maneno hayo. Nilijua, na nikakataa kujua. Nilifunga begi nikaweka na dawa za malaria na za tumbo, kana kwamba nakwenda kuuguza. Kwenye basi nilimwambia dada niliyekaa naye kwamba nina mgonjwa. Alinipa pole, akanipa na chungwa.

Basi lilisimama Igawa. Wauzaji walikimbilia madirishani, huyu na vitunguu, huyu na mahindi ya kuchoma, na kwa kuwa pale mtandao ulishika vizuri simu yangu ikaanza kulia mfululizo. Nilifungua. Mtu wa kwaya ya kijijini, kijana niliyesoma naye, alikuwa ameweka picha ya kaka kwenye stetasi yake. Kaka anacheka, amevaa fulana ya kamati ya maliasili. Pembeni kulikuwa na mshumaa wa kuchora, na chini maandishi: pumzika kwa amani shujaa wetu wa msitu.

Nilimwuliza yule dada, "Hii unaisomaje?" Nikampa simu asome, kwa sababu niliona labda mimi nimesoma vibaya. Alisoma. Akanirudishia simu polepole, akanikumbatia, akaanza kulia yeye kabla yangu. Mtu nisiyemjua. Mama mmoja nje alikuwa bado ameinua beseni lake la vitunguu dirishani anasema, "Chukua dada, chukua," mpaka abiria wa nyuma yetu akamwashiria aondoke.

Moto ulianzia wapi hakuna anayejua mpaka leo. Wapo waliosema ni mtu alikuwa anaandaa shamba, wapo waliosema ni warina asali, na kila kijiji kilitaja kijiji cha jirani. Kilichojulikana ni kwamba ulionekana mchana kwenye paina za upande wa mashariki, kengele ya shule ikagongwa, na wanaume wakapanda na majembe, mapanga na matawi mabichi kama wanavyofanya kila mwaka. Walifyeka mstari kwenye mgongo wa kilima, na kwa muda moto ulionekana kushindwa. Kisha upepo ukageuka. Walikimbilia kijitoni, wakakaa kwenye maji moshi ukipita juu yao, na ulipopungua wakaanza kuitana. Kaka hakuitika. Walimpata kesho yake asubuhi, ng'ambo.

Jeneza halikufunguliwa. Wifi alitoa ile suti ya harusi, akawapa wazee waliokuwa wanamwandaa. Baba yetu mdogo, aliyekuwa mmoja wao, alitoka nje baadaye akakaa kwenye kuni, akaniita. "Tumeiweka juu yake," alisema. "Kumvalisha haikuwezekana. Usimwambie wifi yako." Niliitikia kwa kichwa. Kijiji kizima kilinuka majivu, nguo za waombolezaji zilinuka majivu, hata uji tuliokunywa. Watu wa Ubaruku walikuja na basi dogo la Kosta, wameleta mchele, na kwa lugha yao walilia kwa namna iliyowafanya wazee wetu wanyamaze. Tulimzika kaka karibu na baba na mama.

Siku zote za matanga wifi hakunitazama. Nilikaa naye mkeka mmoja, nikambeba mtoto, nikamletea maji, naye alipokea bila kuinua macho. Nilidhani ni msiba. Watu walipoanza kuondoka nilimfuata jikoni. Alikuwa anakoleza moto, amenigeuzia mgongo.

"Wifi, kuna kitu?"

"Alikwenda kwenye vibati vyako."

Sikumwelewa. Nilimwomba arudie.

"Wenzake walikuwa kwenye mstari. Yeye akawaacha akaenda ng'ambo. Ng'ambo kuna nini, wifi? Kuna shamba lake? Kuna miti yako yenye namba. Basi." Alipuliza moto, akajifuta macho kwa upindo wa kanga. "Sasa kahesabu."

Nilitoka nikasimama nyuma ya nyumba kwenye mahindi yaliyokauka yakisubiri kuvunwa. Sikulia. Nilibaki nimesimama tu, mpaka shemeji mmoja wa Ubaruku akaja kunichukua.

Baada ya mavuno ya mahindi aliyoyaacha kaka, wazazi wa wifi walikuja kumchukua yeye na watoto. Nilikuwepo. Binti alinishika gauni akaniuliza, "Shangazi, na wewe unakuja Ubaruku?" Nikamwambia nitakuja. Mlango wa nyumba ya kaka tuliufunga kwa kufuli alilokuwa anafungia baiskeli.

Msimamizi wangu wa utafiti alikuwa mama mtu mzima, mpole, aliyefiwa mara nyingi maishani mwake. Aliponipigia hakusema habari za masomo kabisa, ila pole. Mara ya pili aliniambia naweza kubadilisha eneo, atanisaidia kuandika upya maombi. Mara ya tatu alisita.

"Nina neno, na ukikasirika nitakuelewa," alisema. "Ulipima msitu kabla haujaungua. Watu wengi wanapima baada ya moto tu, hawajui kulikuwa na nini. Wewe unajua. Ukirudi kupima, utaweza kusema msitu ule unapona au hauponi."

"Mama, kaka yangu alifia mle."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nimesema utakasirika."

Nilikasirika. Nilikata simu, na kwa wiki kadhaa sikupokea zake. Nilikuwa Uyole, nalala mchana, miche yangu imekauka kwenye vikopo. Kilichonirudisha kazini hakikuwa ushujaa. Kwenye simu yangu kulikuwa na sauti ambazo sikuwa nimezifanyia kazi. Katika ploti za ng'ambo mteremko ulikuwa mkali, mikono yote ilitakiwa kushika miti, kwa hiyo mimi na kaka tuliacha kuandika tukawa tunarekodi. Namba zile hazikuwepo mahali pengine popote. Nikajiambia nitasikiliza kidogo tu.

Nilikaa kitandani adhuhuri moja, nikaweka spika za masikioni. Kwanza ni upepo. Halafu ni yeye anavuta pumzi. Halafu namba ya kwanza, kwa ile sauti yake ya kutangazia. Nikaandika. Namba ya pili, nikaandika. Katikati alipiga chafya akaiomba msamaha miti. Mahali fulani alisema, "Huu andika umekufa, lakini umekufa umesimama, mwandikie heshima yake." Kuna mahali wifi anasikika kwa mbali kutoka chini anatuita kula, na kaka anamjibu, "Tunakuja, mke wa mtu!" na mimi nacheka. Kicheko changu mwenyewe kilinitisha. Niliandika mpaka sauti zikaisha, nikijua kwamba namba ya mwisho nikishaiandika sitakuwa tena na sababu ya kusikiliza. Nilipoifikia nilirudia ploti nzima nikisingizia kuhakiki.

Mvua zilipokolea nilirudi kijijini kupima. Nilikwenda na rafiki wa kaka, mwanakamati mwenzake, ambaye siku ya moto alikuwa naye kwenye mstari. Ni mtu wa maneno machache. Alishika utepe pale kaka alipokuwa anashika, akanitajia namba kwa sauti ndogo mpaka nikamwomba arudie, akarudia kwa sauti ndogo vile vile.

Nilitegemea kukuta jangwa. Chini ya mashina meusi kulikuwa na majani mekundu, machanga, yamejaa kila mahali. Mikusu ilikuwa imechipua kutoka kwenye mizizi. Misaula nayo. Chini kwenye maji, mivengi mingi ilikuwa imekufa kabisa, hata gome lilibanduka nikiligusa. Vibati vilikuwepo, vimepinda, namba nyingine zinasomeka. Nilipiga magoti kuhesabu maotea, na kwa saa nzima sikuwa na wazo lolote kichwani isipokuwa kuhesabu. Nilipogundua kwamba nilikuwa nimemsahau kaka kwa saa nzima, nilikaa chini nikashindwa kuendelea.

Yule rafiki alikaa kando yangu. Nikamwuliza nilichokuwa naogopa kuuliza.

"Kaka alikwenda ng'ambo kufanya nini?"

Alichuma jani, akalikunja.

"Alisema, 'Natazama ng'ambo mara moja.' Basi. Ng'ambo kuna ploti zako. Kuna mizinga yake ya nyuki. Kuna njia ya kina mama wa kuni, na siku ile hatukujua kama wote wameshuka. Mimi sikumwuliza, dada. Nilikuwa nafyeka."

"Mlimkuta wapi?"

Alinionyesha. Palikuwa chini kidogo ya njia ya kuni, juu kidogo ya ploti. Pangeweza kuwa safari ya kwenda popote kati ya hapo.

Nilikwenda Ubaruku baada ya hapo, kwa sababu nilimwahidi mtoto, na kwa sababu nilitaka wifi aambiwe na mimi kile nilichoambiwa. Nilimkuta jarubani, amekunja gauni, anapandikiza mpunga na dada zake. Aliponiona alinyooka. Nilifikiri ataniacha nisimame pale kwenye tuta. Akaosha mikono kwenye mfereji akaja.

"Umekonda, wifi," alisema.

Tulikaa chini ya kibanda cha kulindia ndege. Nilimweleza yote kama nilivyoelezwa, mizinga, kina mama, ploti, na kwamba rafiki yake kaka mwenyewe hajui. Alisikiliza anatazama maji.

"Wewe hujui," akasema. "Mimi najua."

"Unajua nini?"

"Kengele ilipogongwa alikuwa anakula. Akaacha sahani, akachukua panga. Mimi nikamfuata mpaka uani nikamwambia, 'Ukifika huko tazama na miti ya dada yako, akirudi akakuta imeungua atalia.' Nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu huu." Alijipiga midomoni kwa vidole, taratibu. "Akacheka akasema, 'Sawa, mke wa mtu.' Ndiyo akaenda."

Nilimshika mkono, akautoa.

"Pale jikoni nilikwambia wewe kwa sababu nilishindwa kubeba peke yangu. Nilitaka na wewe ushike upande mmoja."

"Nitashika," nilisema.

"Haupungui, wifi. Nilidhani ungepungua."

Ndipo tukalia, yeye na mimi, mchana kweupe, dada zake wakiwa wameinama jarubani wanajifanya hawasikii. Hakuna aliyemsamehe mwenzake, maana hapakuwa na kosa la kusamehe. Kulikuwa na mwanaume aliyekwenda kuzima moto, na wanawake wawili aliowapenda, basi.

Tasnifu niliimaliza. Siku ya joho upande wangu alikaa baba mdogo peke yake, akapiga makofi pasipotakiwa. Msimamizi wangu alinitaka nipeleke matokeo kijijini, nami nilipeleka, kwenye mkutano wa hadhara. Nilisema msitu utarudi wenyewe kama utakingwa na moto kwa miaka mingi, isipokuwa mivengi ya bondeni, hiyo lazima tuipande. Watu walinisikiliza kwa heshima kubwa, kwa ajili ya kaka. Kisha mzee mmoja akauliza hiyo miaka mingi watoto watakula nini, na hakuuliza kwa ubaya. Wakapiga kura. Mteremko wa huku ubaki msitu. Ng'ambo ipandwe paina. Rafiki wa kaka hakunyoosha mkono upande wowote. Mwenyekiti aliniuliza kama nina neno la mwisho, nikasema asanteni.

Mwaka huu, wakati wa kupalilia mpunga, wifi alinipigia. Aliongea habari za watoto, za mvua, za jirani yao aliyeibiwa ng'ombe, nami nikajua kuna kitu anazunguka.

"Wifi, kuna mtu," alisema mwishoni. "Ni fundi wa mashine ya kukoboa. Mkewe alifariki. Wazazi wangu wanasema mjane haolewi kimya kimya, ukoo wa marehemu lazima useme neno."

"Unampenda?"

"Ni mpole. Watoto wamemzoea." Kisha kwa sauti ya chini, "Ukikataa sitaolewa."

Baba mdogo miguu ilikuwa haimbebi tena. Aliniambia kwenye simu, "Ukoo ni wewe. Nenda ukaseme." Nilitoka Uyole alfajiri na nguo za kubadilisha na zawadi ya mtoto. Nilikuta wamekaa uani kwenye viti, wazee wa Kisukuma upande mmoja, watu wa yule fundi upande wa pili, na kiti kimoja kitupu upande wangu. Yule bwana alikuwa mrefu, mkimya, mikono imeingia grisi isiyotoka. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, nikashindwa.

Baba yake wifi alinipa nafasi. Nilisimama. Nikasema kaka yangu alimpenda mke wake mpaka siku ya mwisho, na sisi tumempenda. Nikasema hatumshikilii. Nikasema watoto ni wake, watalelewa mahali atakapokuwa, ila mimi ni shangazi yao na mlango huo nisifungiwe. Nikasema ukoo wetu umemruhusu. Wifi alikuwa amejifunika uso kwa kitenge, na kina mama wakapiga vigelegele kwa uangalifu, vifupi, kama watu wanaopita nje ya nyumba yenye mgonjwa.

Kesho yake alinisindikiza mpaka kwenye gari. Binti alitubebea begi, amerefuka, anatembea mbele yetu.

"Sasa nitakuita nani?" wifi aliuliza.

"Unaniitaje siku zote?"

"Wifi."

"Basi."

Alinipa mfuko wa mchele mpya. Nikapanda. Nilifika Uyole mchana jua likiwa kali, nikapitia sokoni kununua mboga ya jioni. Nilisimama mbele ya mama mmoja muuzaji, akaniuliza nataka ipi, nikamwambia nimetoka kumwozesha mke wa kaka. Akanifungia tu chainizi, akaniambia nenda dada, kapumzike.